Fundi Vanishi Abambua Uso

Fundi Vanishi hakuwa mtu wa vioo. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa amepiga msasa na kupaka vanishi meza, makabati na vitanda vya nusu ya mji, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Kama alijiona popote, basi ni kwenye mlango wa kabati ulioitikia vanishi vizuri. Ndiyo maana binti yake alipomkuta asubuhi mbele ya kioo cha bafuni, anajivuta shavu huku na huku, alijua kuna jambo.

"Baba, unatafuta nini humo?"

"Nakagua tu."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Miezi saba nyuma, mwalimu mmoja wa chekechea wa mji wa jirani alimpigia simu kuagiza viti thelathini vya watoto. Viti vilifika, vikasifiwa, na simu hazikukoma. Walizungumzia miguu ya viti, kisha watoto, kisha mke wa fundi aliyefariki miaka sita iliyopita, kisha chochote kile. Mwalimu aliomba picha. Fundi akatuma moja nzuri sana, ila akasahau, kwa kusahau kule kwa makusudi, kusema kwamba ilipigwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Sasa Mwalimu alikuwa anakuja kumwona kwa mara ya kwanza, na fundi alikuwa na wiki mbili za kufanana na picha yake.

Binti alipoelezwa alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Aliposikia baba yake anataka kwenda kubambua uso, kicheko kikakatika.

"Unataka kujichubua, Baba? Uzeeni huku?"

"Weupe wa nini? Nataka kutoa koti la juu tu, kama la vanishi."

Alikwenda peke yake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Chumba cha mtaalamu wa ngozi kilikuwa na kitanda chembamba, taa ya kumulikia, na rafu ya chupa ndogo zenye maandishi ya mkono. Mtaalamu mwenyewe alikuwa na umri wa binti yake. Alimlaza, akamulika madoa ya mashavuni, akauliza anatumia dawa gani, akijikata kovu lake huwaje, na jua analipata kiasi gani. Fundi alijibu yote kwa adabu, kisha akatoa simu na kumwonyesha ile picha.

"Nataka niwe hivi."

Mtaalamu alitazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha. "Huyu ni mdogo wako?"

Fundi alijifanya hakusikia. "Kwani wewe unaanza na namba ngapi?"

"Namba ya nini, Mzee?"

"Ya msasa. Mimi ubao ukiwa na vanishi ya zamani naanza na themanini, nakwangua mpaka nione mti. Kisha napanda, namalizia na mia nne, ile laini."

Mtaalamu alivuta kiti karibu. "Hapa hatufiki kwenye mti, Mzee. Tukifika kwenye mti, hiyo ni hospitali."

Fundi alimpenda palepale. Mtaalamu akamweleza taratibu, kama fundi kwa fundi. Kuna dawa nyepesi, inalegeza ngozi iliyokufa juujuu. Kuna ya kati, inazama zaidi, na mtu anaweza kubanduka wiki nzima. Kuna ya ndani kabisa, hiyo ni ya daktari, na kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka mabaya kuliko yale mtu aliyokuja nayo. Ngozi kama yao, alisema, ukiiudhi inakujibu kwa weusi.

"Basi nipe ya kati. Nina haraka."

"Haraka ya nini?"

"Kuna mgeni."

"Wa kike?"

Fundi akaanza kuhesabu mbao za dari.

"Basi unachukua nyepesi," alisema mtaalamu. "Hii asidi inatokana na maziwa, ni pole. Mara moja haifuti madoa, itayafifisha kidogo tu. Ujana siuzi hapa."

Hata hiyo nyepesi hakumpaka siku ile. Alidondosha tone chini ya taya, akamwambia arudi siku ya tatu waone ngozi imesemaje. Hapo fundi aliridhika kabisa, maana hata yeye vanishi mpya huijaribu kwanza chini ya meza, mahali ambapo hapaonekani. Alhamisi akarudi, ngozi ilikuwa haina neno, akapakwa uso mzima. Iliwasha kwa dakika chache, ikafutwa. Akapewa mafuta ya kupaka, krimu ya kuzuia jua, na amri moja: ikianza kubanduka, asiiguse. Itaanguka yenyewe. Fundi akala kiapo.

Sasa, ukitaka kumtesa mtu wa kazi ile, mwonyeshe ganda lililolegea kisha mkataze kuligusa. Jumapili ngozi ilianza kuinuka kando ya pua. Jumatatu shavu la kulia likafuata, na fundi akala chakula cha mchana amekalia mkono mmoja. Jumanne alikuwa karakana akimalizia droo, mawazo yako mbali, mkono ukapanda wenyewe na msasa ukiwa bado ndani yake. Alipitisha mara mbili tu, polepole, kwa ustadi. Ganda liliondoka vizuri sana. Kisha ikaja damu.

Alimpigia mtaalamu huku ameufyata.

"Ulitumia namba ngapi?" aliuliza mtaalamu aliposikia habari ya msasa.

"Mia nne."

"Angalau."

Jumamosi ilipofika, shavuni palikuwa na kigaga cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimezungukwa na weusi. Fundi alimwomba binti yake ampigie Mwalimu, amwambie baba anaumwa.

"Mpigie mwenyewe," alisema binti. "Na umtumie picha ya leo."

Hakupiga. Aliogopa kumpoteza kwa simu, akaogopa kumpoteza kwa macho, na alipokuwa bado anapima lipi ni afadhali, hodi ikapigwa. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na mkoba mkubwa. Fundi alimkaribisha kwa ubavu wa kushoto. Akamtengea chai kwa ubavu wa kushoto, akamuuliza habari za safari huku analitazama pazia. Binti yake aliona aibu kwa niaba yake, akaenda zake uani.

"Fundi, shingo inakuuma?"

"Hapana."

"Basi geuka."

Aligeuka. Mwalimu alisogeza miwani, akalitazama shavu lile, na fundi akajua safari yake imeishia hapo.

"Umekibandua mwenyewe," alisema Mwalimu hatimaye. "Usinidanganye. Nina watoto thelathini wanaobandua vigaga vya magoti, na wote wananiletea uso huohuo. Mafuta yako wapi?"

Alinawa mikono, akavuta kiti, akamshika kidevu na kuanza kumpaka kwa ncha ya kidole. Kwa miaka sita fundi alikuwa ameguswa uso na kinyozi, na juzijuzi na mtaalamu, watu walio kazini. Hakujua kama alikuwa amelikosa jambo lile kiasi hicho. Machozi yakamlengalenga, na kidonda hakikuwa na hatia.

"Ile picha," alisema, "ni ya zamani. Miaka kumi na mmoja."

"Najua. Miezi saba unanilalamikia kiuno. Nilijua nakuja kwa mzee."

"Na bado ukaja?"

"Nyamaza, shavu linacheza."

Akanyamaza. Mwalimu akamaliza kupaka, akafunika kopo la mafuta kwa mkono mmoja, na ule mwingine akauacha palepale kidevuni.