Moto Uliokosea Nyumba

Kwaa. Kwaa. Kabla ya adhana ya alfajiri, njiti ya kiberiti ilikwaruza tena uani kwa Mwanakombo, pale Temeke. Ikawaka. Akaipeleka mafigani. Moto ukazichungulia kuni kavu za mkorosho, kisha ukarudi kwenye njiti kama mtu aliyekosea nyumba, ukazimika.

Siku ya tatu hiyo. Taa ilikuwa inawaka, sigara ya mpangaji wake ilikuwa inawaka, ila mafiga yalikataa. Unga wa vitumbua ulishaumuka mpaka unamwagika, na tangu mumewe alipomwacha, vitumbua ndivyo vilivyomlisha.

Mpangaji, Mwalimu Gozbert wa Bukoba, akatoka na kikombe cha uji uliolala tangu moto ulipogoma. Siku zote tatu aliunywa baridi, na kila mara alisema ni mtamu.

"Shikamoo mama. Umegoma tena?"

"Marahaba. Umegoma. Hebu nimalizie ile hadithi ya Warusi."

Jana jioni alikuwa akimsomea kitabu alichopewa na padri, akikigeuza kwa Kiswahili palepale. Humo mlikuwa na mjane wa nchi ya theluji, ambaye jiko lake liliacha kuwaka baada ya kugombana na dada yake. Mwanakombo hakulishangaa hilo jiko. Alishangaa Warusi wamemjulia wapi yeye Mwanakombo.

"Mwisho wake mbaya," alisema Gozbert. "Aliganda. Majirani walimkuta kashika kiberiti."

"Na dada yake alikuwa wapi?"

"Nyumba ya pili. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze."

"Wajinga hao!"

"Ni watu tu, mama."

Mwanakombo akaweka kiberiti chini. Mdogo wake, Tabu, alikaa Mtoni, mwendo usiofika saa nzima kwa miguu. Miaka miwili hawakusemezana. Mwezi uleule Mwanakombo alipopewa talaka, kwenye harusi ya jirani, Tabu alijifunga kanga mpya akapita mbele yake mara tatu. Wanawake wakacheka, na mmoja akamsomea Mwanakombo maandishi ya kanga ile: maneno ya kumsuta mwenye wivu.

Mwanakombo akaokota kigae cha chungu kilichovunjika.

"Mie sigandi," alisema. "Nakwenda kwa Tabu kuomba moto."

"Hadi Mtoni? Kaa si litazimika njiani?"

"Likizimika nitarudi kuomba jingine."

Mara mbili miguu ilisita njiani, na mara mbili akaikemea kwa sauti, mpaka muuza maziwa akageuka kumtazama. Kulipokucha alikuwa mlangoni.

"Hodi!"

Tabu alikuwa anakoroga uji uani. Mwiko ukasimama.

"Karibu... Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka. "Naomba moto. Na ile kanga, Tabu. Ulinisuta?"

"Kanga ipi?"

"Ya harusini! Yenye korosho. Iliyoandikwa habari za wivu."

Tabu akaweka mwiko chini polepole. "Mie najua kusoma, mie? Nilipenda zile korosho. Nilipita mara tatu ili unisifie, ukanigeuzia uso."

Mwanakombo akajikuta ameketi juu ya mbuzi ya nazi, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe uje," alisema Tabu. "Kiburi, dada."

Akavuta kaa kubwa kuliko yote, lile lililokuwa likiivisha uji wake mwenyewe, akaliweka kigaeni. Kisha akakunja jani bichi la mgomba, akalipachika chini ya kigae ili dada yake asiungue vidole. Mwanakombo aliliona jani lile, akakipokea kigae kwa mikono miwili.

Kaa likawaka lenyewe, bila kuni. Upepo wa asubuhi ulikuwa ukivuma kutoka Temeke, lakini ulimi wa moto ukalala kuelekea hukohuko Temeke, kama mtu anayeijua njia.

"Litafika," alisema Mwanakombo, akainuka.

Tabu akamsindikiza hadi njia panda, uji wake akauacha ukipoa.

"Kesho usiguse kiberiti, dada," alisema. "Njoo tena uombe moto."