Kovu la Sentimita Mbili

Mchana mmoja wa Julai, joto likiwa limewatoa nusu ya watu wa mji kwenda kuogelea Ziwa Superior, Aili Pelkonen aliingia hospitali akiwa ameufunga mfuko wa njegere zilizogandishwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Alimwambia nesi kuwa ameteleza kwenye barafu. Nesi, jina lake Doreen, akaandika barafu. Kule kaskazini mwa Ontario, Kanada, baridi ni ndefu na mikono inayovunjika ni mingi, na watu wakiulizwa husema barafu mwaka mzima, kama wengine wanavyosema hawajambo.

Aliyemleta ni mwanawe, Taisto, jitu zima la miaka arobaini. Alibaki kwenye viti vya nje akisoma gazeti, akifunua kurasa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeishia kwenye kifundo, na mkono wa shati ulining'inia bila kiganja ndani. Doreen alimwonyesha tu mashine ya kahawa ilipo.

Daktari Beaulieu, bingwa wa mifupa, alikuwa mtu wa kujivuna kidogo, na simlaumu. Walimu wake walipasua mkono karibu nusu ya kigasha. Yeye alikuwa akipasua sentimita mbili tu, akipenyeza kibati cha kuushika mfupa na skrubu chini ya misuli bila kuikata, akiongozwa na kamera nyembamba kama mrija wa soda. Alimwambia Aili kwamba kidonda kikishapona, hata mumewe hatajua kovu lilipo. Aili akasema mumewe alikwisha kufa, lakini kovu la namna hiyo ndilo hasa alilolitaka, kwa sababu majirani zake wanapenda kuuliza.

Walimpiga ganzi ya mkono tu, akabaki macho, akitazama skrini. Kamera ikaingia. Mfupa ulionekana, umevunjika vipande vitatu, na kiganja cha mwanamume kilikuwa kimeukamata pande zote. Kucha zake zilikuwa na grisi ya gari.

Daktari aliomba mwanga uongezwe kidogo.

"Hiki cha nani, mama?"

"Cha kijana wangu," Aili alisema. "Alikuwa amelewa, nikamnyima funguo za gari."

Daktari alimweleza bila haraka, maana vitu vya namna hiyo alivikuta mara kwa mara. Vidole vingeweza kulegezwa kimoja kimoja, kibati kikapita chini yake, na kovu likabaki lile lile dogo. Kukitoa kiganja chenyewe ni kazi nyingine. Ingebidi aufungue mkono wote, na kiganja kikishatolewa hakitupwi: polisi hukichukua na kumtafuta mwenyewe. Uamuzi ulikuwa wa Aili.

Aili alimwogopa Taisto, na zaidi ya hapo alimwogopea, na hofu hizo mbili zilikuwa zimekaa pamoja nyumbani kwake muda mrefu hata akashindwa kuzitenganisha. Doreen, aliyekuwa amesimama upande wa kichwa chake, akainama karibu na sikio lake.

"Mwambie akitoe, mama. Mimi sitoki hapa."

"Watamfunga. Novemba nani atanipasulia kuni?"

"Kwani sasa hivi anapasua kwa mkono gani?"

Aili aliitazama skrini mpaka machozi yakamlengalenga.

"Weka kibati, daktari," alisema. "Halafu funga."

Vidole vinne vilikubali kulegea. Kile kidogo kiligoma, ikabidi skrubu ya mwisho ipite pembeni yake. Doreen alisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hiki kinajitahidi, na sauti yake haikuwa na kicheko.

Alipotoka nje alimwambia Taisto kuwa mama yake asinyanyue kitu kizito. Taisto alikunja gazeti.

"Kila siku namwambia aangalie anapokanyaga," alisema.

Doreen akaenda kunawa, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mfupa uliunga vizuri ajabu. Daktari Beaulieu alilipiga picha kovu ili awaonyeshe wanafunzi wake, maana bora zaidi ya lile hakuwahi kulipata. Taisto akipandisha sauti, vidole vilikaza kule ndani, na Aili aliweka chini chochote alichoshika akangoja vilegee. Hakudondosha kikombe hata kimoja.

Septemba, baada ya ibada, wanawake wa kanisa la Kifini walikaa kwenye ukumbi wao na mkate wa iliki wakataka kuuona mkono. Aili akaunyosha. Ulipita meza nzima, kila mmoja akilipapasa kovu, akivisikia vidole vikijongea chini ya ngozi, akimsifu daktari kwa mkono mwepesi, kisha akimpisha wa pembeni. Wa mwisho alikuwa Helvi Rautio, mke wa mzee wa kanisa, aliyevaa sweta la mikono mirefu hata katika joto la ukumbi ule. Helvi aliushika mkono muda mrefu kuliko wenzake.

"Na bega?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Bega nalo daktari wako anaweza kulipasua kidogo hivi hivi?"

Aili akamwambia anaweza, akamsogezea sukari.