Betri Nzito za Mjomba Mizani

Mama Pacha alizaliwa na kinyaa. Kikombe kikiwa na alama ya mdomo wa mtu, hanywi. Mtu akipenga kamasi mbele yake, chakula kimeisha hapo hapo. Sasa jiulizeni wenyewe, mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye kazi ya kuchaji betri, kazi ya nguo kutobolewa na asidi na pua kushinda kwenye harufu ya yai bovu? Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye alisema mtu mchafu hawezi kazi ile, na ukiingia kwenye kibanda chake karibu na gati ungemkubalia: sakafu imefagiliwa, waya nyekundu upande wake na nyeusi upande wake, na kitambaa cha kufutia meza nacho kinafuliwa. Wateja walisonya wakiambiwa wapanguse miguu mlangoni, lakini walipangusa.

Mchana mmoja kaka yake aliingia bila kupangusa.

"Dada! Njoo uone mali!"

Jina la kaka huyu hakuna aliyelikumbuka tena. Aliitwa Mizani, kwa sababu hanunui kitu mpaka akinyanyue. Tikiti maji ananyanyua. Godoro ananyanyua. Watu wanasema hata siku ya harusi yake alimshika bibi harusi kiunoni akamwinua kidogo, kuhakikisha, na wazee wakajifanya hawakuona. Leo alikuwa na betri mbili za boti, moja kila bega, na jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni likidondokea kwenye vichwa vya betri. Mama Pacha akageuza uso.

"Hilo jasho lako kalimwage nje. Ptu! Juu ya betri kabisa!"

"Achana na jasho, shika hii. Shika! Nimenyanyua betri zote za duka zima mpaka muuzaji akanichoka. Hizi ndizo nzito kuliko zote. Na ni betri kavu, zimefungwa, hakuna kuongeza maji, hakuna kumwagika. Uzito ni madini ya risasi, dada yangu, na risasi ndiyo betri yenyewe."

Pale ziwani wenye boti wote walichagua betri hivyo hivyo, kwa mikono, na wauzaji walilijua hilo vizuri.

"Zimetengenezwa lini?"

"Mimi nimenunua betri, sijaleta mtoto wa kuandikishwa shule."

Mama Pacha akaigeuza betri, akaangalia ubavuni mahali panapopigwa tarehe. Palikuwa pamekwanguliwa kwa msasa. Akasonya, sonyo refu la mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Betri zile hazikuwa jambo la mchezo. Boti ya Mizani ndiyo iliyowavusha watoto kwenda shule ng'ambo asubuhi na kuwarudisha alasiri. Ilikuwa ya mbao, kuukuu, na ilivuja. Injini yake ilivutwa kwa kamba, haikuhitaji umeme, lakini maji yaliyoingia chini yalinyonywa na pampu ya betri, na pampu ikisimama katikati ya ziwa boti nayo inaanza kushuka taratibu na watoto wake ndani. Wiki iliyopita ndivyo ilivyotokea. Betri za zamani zilikata roho, watu wakachota maji kwa madaftari na viatu. Pacha, mabinti wawili wa Mama Pacha, walirudi nyumbani sketi zimelowa hadi kiunoni, mmoja anatetemeka hawezi kusema, mwingine anasema hanyamazi. Toka siku ile mama yao aliapa: hakuna betri itakayoingia kwenye boti ile kabla haijapita mezani kwake. Mizani akawa anakwenda na makuli wawili wenye ndoo, naye akichota nao mpaka mgongo ukamchosha.

"Leo ndoo basi," alisema Mizani. "Moja ya pampu, moja ya akiba. Zichaji haraka haraka, watoto wanakaribia kutoka."

"Hizi hazichajiwi haraka haraka. Ukiipa moto mwingi wa umeme inachemka ndani kwa ndani, inavimba tumbo, na maji yake yakishatoka hakuna mahali pa kuyarudishia. Nenda kaoshe boti. Na ukirudi, miguu!"

Akaunga waya, akashusha chaja hadi chini kabisa, akabandika maji ya chai kwenye jiko lake la mafuta. Maji hayajachemka, taa ya chaja ikawaka kijani. Imejaa. Akaunga ya pili. Nayo, chai haijapoa kikombeni, kijani.

Mteja mwingine angepiga makofi. Wangapi walimwambia, hii betri nzuri fundi, inajaa upesi! Yeye alisimama anaitazama ile taa kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga mwenye ndevu. Betri kubwa namna ile, iliyochajiwa pole pole namna ile, ilipaswa kushinda mezani na kulala mezani. Ikijaa kabla ya chai, basi ndani kuna kitu kidogo, na huo uzito ni wa nini?

Akafunga taa ya gari kwenye ile ya kwanza. Ikawaka vizuri, nyeupe. Ikawa ya njano. Ikawa kama kaa la sigara. Ikazima. Akaitikisa betri, akasikia kitu kinasogea humo ndani, shaa, shaa.

Akachukua kisu, akakipitisha kwenye ukingo wa mfuniko. Ulikuwa umegandishwa kwa gundi nyeusi nzito, yenye alama za kidole kilichoisawazisha. Mfuniko ukatoka, na harufu ikampiga usoni.

Harufu ya asidi anaijua, walishapatana nayo zamani. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya maji ya kuogea yaliyolala, sabuni iliyooza, mkojo, nywele. Katikati ya lile sanduku kulikuwa na betri ndogo ya pikipiki, kuukuu, imeota ukungu wa kijani, waya zake zimeungwa na vichwa vya juu. Kwingine kote kulikuwa kumeshindiliwa mchanga mbichi wa mtaroni. Lo! Kwa hiyo kaka yake alikuwa amenyanyua na kushusha duka zima mpaka akapata sanduku lenye matope mengi kuliko yote.

Akachokonoa kwa bisibisi. Likaibuka donge la nywele, linanata, linavutika kama ute. Na katika lile donge kulikuwa na uzi mwekundu wa sufu.

Mama Pacha hakuhitaji kuuliza uzi ule ni wa nani. Aliwafungia nywele binti zake kwa uzi ule ule, na wakioga huwa unawatoka unakwenda na maji hadi kwenye mtaro wa nyuma ya bafu. Mtaro ambao mume wake aliuzibua juzi bila kuombwa! Mwanamume aliyezoea kuruka takataka mlangoni kwake alichukua koleo mwenyewe, akajaza magunia, akasema anakwenda kufukia mashimo ya barabarani. Mama Pacha alimsifu kwa majirani. Jamani, alimsifu! Mume wangu siku hizi amebadilika. Na ile gundi nyeusi iliyoganda kwenye kidole gumba chake, aliyosema ni ya kuzibia bati linalovuja? Bati lilikuwa bado linavuja. Na kazi yake ni vyuma chakavu. Betri zilizokufa anazo uani, rundo zima.

Akakumbuka kwamba jana usiku mkono ule ule ulimmegea chakula, naye akala. Akawahi ndoo, akatapika chai yote.

Alipomaliza alijifuta, akasukutua, akaifunika ile betri kwa gunia. Ya pili akaiacha mezani jinsi ilivyo. Hata hasira ilikuwa haijamjaa bado, ilikuwa kinyaa tu, kinyaa kinachoanzia kwenye ncha za vidole. Labda mume wake hakujua zitarudi hapa, alijiambia. Labda aliziuza huko mjini, zikazunguka. Akiiona atasema. Ni baba wa watoto wale, atasema tu.

Baba Pacha akaingia anapiga mluzi. Alipangusa miguu vizuri kabisa.

"Za saa hizi, mama watoto? Mbona uso hivyo?"

"Tumbo. Mizani amenunua betri mpya za boti." Akaonyesha kwa kidevu. "Hiyo imejaa. Hebu kamfungie kwenye pampu, kisha uende naye ukawalete watoto. Mimi leo sijiwezi."

Mume akaitazama betri. Mluzi ukakatika. Akasogea, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mfuniko, pole pole. Mama Pacha alikitazama kile kidole. Sema, aliomba moyoni. Sema neno moja, nitakutukana wiki nzima kisha yatakwisha.

"Nzito hii," alisema Baba Pacha. Akaipakata, akatoka nayo.

Mama Pacha alimfuata kwa mbali, ile ya kwanza ameibeba ndani ya gunia. Gatini Mizani alikuwa anaimba. Mama Pacha alimwona mume wake anaingia kwenye boti, anapiga magoti, anakaza vichwa vya betri kwa spana, kimoja, kingine, kama kazi ya kila siku. Pampu ikanguruma, ikatema maji nje kwa nguvu.

"Shemeji!" Mizani akampiga mgongoni. "Sikia inavyovuta! Nilisema mimi, uzito! Ninyi makuli, leo kalaleni. Haya shemeji, kaa hapo mbele twende."

"Nendeni tu," alisema Baba Pacha. Alikuwa ameshasimama. Akaweka mguu mmoja gatini, akaweka na wa pili. "Nimekumbuka kuna mtu ananisubiri."

Hapo ndipo hasira ilipofika, na ilifika yote.

"Mtu gani?" Mama Pacha alipaza sauti mpaka makuli wakageuka. "Mtu gani anayekusubiri? Watoto wako wanakusubiri ng'ambo! Mbona umeshuka?"

"Mama Pacha, watu wanatutazama."

"Watutazame! Kaka, zima pampu."

Akalifungua gunia, akaigeuza ile betri juu chini. Mchanga ukamwagika gatini, poo, na lile donge la nywele likafuata, na ile betri ya pikipiki ikabaki inaning'inia kwa waya zake kama kitu kilichotolewa tumboni. Makuli wakaziba pua. Mizani akainama, akaokota konzi ya mchanga, akaupima kiganjani kwa mazoea, masikini, kabla hajauelewa.

"Hii... ndiyo niliyobeba?"

"Ndiyo uliyobeba. Ni mchanga wa bafu langu. Na huu," akaushika ule uzi kwa ncha za kucha, "ni wa kichwani kwa wapwa zako. Muulize shemeji yako umefikaje humu."

Baba Pacha akalamba midomo. "Mimi niliziuza mbali. Niliambiwa ni za kwenda mjini, sijui madukani, sijui kwa nani. Ningejuaje kwamba..."

"Na huko mjini watu hawana watoto?"

Baba Pacha akageuka akatazama ziwa.

"Basi hilo tuliache. Sasa hivi ulijua. Umeipapasa pale mezani, umeijua, na umeifunga kwa mikono yako!"

"Ng'ambo si mbali," alisema mume wake kwa sauti ndogo. "Ingefika tu. Ningemwambia shemeji kesho, taratibu. Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

Mizani alimsogelea ngumi imekunjwa. Mama Pacha akamzuia, si kwa huruma. Muda ulikuwa unakwenda na watoto walikuwa wanangoja. Akaruka ndani ya boti, akaing'oa betri kwenye pampu, akaitupa gatini, akawaita makuli na ndoo zao, naye akabaki humo humo. Kwenda na kurudi alichota. Maji ya ndani ya boti ile yalikuwa na mafuta, magamba ya samaki na matapishi ya abiria, yalimlowesha hadi mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake uchafu haukumtia kichefuchefu. Nafasi ya kichefuchefu ilikuwa imejaa.

Waliporudi na watoto, Baba Pacha alikuwa bado pale pale. Alikuwa ameufagilia ule mchanga ziwani, lakini harufu haikufagilika. Watoto wakaanza kuruka gatini mmoja mmoja, na pacha wa kwanza, yule asiyenyamaza, akamkimbilia baba yake huku anasimulia jinsi mama alivyochota maji kumshinda mjomba. Alikuwa na wino shavuni. Baba yake akafanya kama siku zote: akalamba kidole gumba, akakinyoosha amfute.

Mama Pacha alikidaka kifundo cha mkono ule hewani.

"Usimguse."

"Mama?" Mtoto aliwatazama wote wawili. "Kwani nini?"

"Mkono wa baba yako mchafu."

Mtoto akauangalia mkono, akaona lile doa jeusi la gundi, akacheka kidogo. "Si akanawe tu?"

Mama Pacha alikamua upindo wa nguo yake iliyolowa, akamfuta wino mwenyewe, taratibu, mpaka shavu likatakata. Kisha akawashika binti zake, mmoja huku, mmoja huku, akapandisha nao njia ya kwa mjomba wao, si ile ya nyumbani.