Nywesha Kwanza

Aoko alifika kwenye kibanda cha pampu akakuta debe lake tupu, akajua mtu amefanya ujinga. Debe hilo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila yeye. Miaka kumi na mmoja aliyoendesha mradi huu wa maji karibu na Kapsoit, alilijaza kila jioni, na asubuhi akalimimina lote ndani ya pampu kabla ya kuwasha injini. Mafundi wa zamani waliita kazi hiyo kunywesha. Pampu isiyonyweshwa huvuta hewa tu, ikazunguka kavu mpaka ikaungua.

Na leo ilikuwa imeungua. Harufu ya mpira ilijaa kibanda, ikachanganyika na ya rangi mpya ambayo Weldon, mwenyekiti wa mradi, aliagiza kuta zipakwe Jumamosi kwa ajili ya wageni. Mwenyewe alisimama mlangoni na wanakamati, suti imemkaa, viatu vinang'aa.

"Mama Calvince, umetuulia pampu," alimwambia Aoko mbele ya wote. "Wageni wanafika saa nne, tangi kavu. Leta funguo, kazi yako imeisha."

Hasira ilimpanda Aoko hadi masikioni. Mtu ameosha viatu kwa maji ya debe la pampu, hata soksi zimelowa, halafu anamfuta yeye kazi?

"Nani aliwasha, Mwenyekiti?"

"Nilifungua na funguo ya akiba, nikajaribu kidogo tu. Ningejuaje inataka maji? Hakuna mahali pameandikwa."

Hapo Aoko akachoka na heshima. Alichukua panga lake la kufyekea nyasi, akaanza kukwangua ukuta juu ya injini. Weldon alimwambia aache. Hakuacha. Rangi ilianguka vipande vipande juu ya vile viatu, na chini yake zikatokea herufi nyekundu alizoziandika mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi: NYWESHA KWANZA.

Mama Phyllis, mkubwa wao kwa umri katika kamati, alisoma ukuta, akatazama debe, akatazama soksi. Kisha akanyoosha mkono, lakini si kwa Aoko.

"Weldon, leta hiyo funguo ya akiba."

Aliitoa mfukoni bila kuinua macho. Aoko akamwekea debe miguuni.

"Fundi akimaliza kutengeneza, itataka kunywa," alisema. "Mto uko pale chini."