Redio ya Sulle Haikuwa na Leseni

Redio ya Sulle wa Nambis ilikuwa na sauti ambayo siku hizi viwanda vimeshindwa kuitengeneza. Siku ya mpira kunguru walihama mpaka Karatu. Ng'ombe bondeni waliacha kucheua taarifa ya habari ilipoanza, wakaendelea baada ya hali ya hewa. Anayebisha akawaulize ng'ombe. Mimi nasimulia niliyoyaona, na yale ambayo sikuyaona nimeyakadiria kwa uangalifu mkubwa.

Ilikuwa miaka ile Azimio la Arusha bado linanukia wino. Sulle aliuza dume lake Mbulu mjini, akarudi na redio kichwani, kubwa kama mzinga wa nyuki. Akapandisha waya juu ya mkaratusi, akatia mawe ya betri, akazungusha kitufe, na toka siku hiyo kila jioni uwanja wake ulijaa watu.

Mtu mmoja tu hakuipenda: Efrazia, mkewe.

"Sulle, yule mbuzi mweusi leo hajala."

"Shh. Habari."

"Mama ameleta salamu kutoka Mogitu."

"Ngoja kwanza, Efra, wanatangaza bei ya pareto."

"Wewe hulimi pareto."

"Kuna wanaolima!"

Basi asubuhi moja Efrazia alifunga khanga zake akarudi kwa baba yake, kule Mogitu chini ya mlima Hanang. Aliaga vizuri, amesimama mlangoni, kwa maneno marefu. Sulle aliinua mkono kumwashiria asubiri tangazo liishe. Lilipoisha, mlangoni hapakuwa na mtu.

Alifikiri atarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Kigoda cha Efrazia hakuruhusu mtu akikalie. Hata uwanja ukijaa mpaka watu wanakaa juu ya kuni, kigoda kile kilibaki kitupu katikati yao. Akajifunza kusonga ugali, na ugali wake ulikuwa na madonge makubwa, kuku walikuwa wanayakimbia. Mara nyingi akisikia hatua njiani alipunguza sauti ya redio, akatega sikio, kisha akaipandisha tena. Kwenda Mogitu aliogopa. Angefika aseme nini? Mwanaume yule alijua majina ya mawaziri wote, lakini ukimwuliza mkewe aliondoka kwa sababu gani, alikuwa anatazama juu ya mkaratusi kama vile jibu litashuka kwenye waya.

Ndipo akaja Bwana Reginald, mtu wa leseni, katokea mkoa mwingine, suruali yenye mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akitafuta redio zisizolipiwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Joakimu, ndiye alikuwa anamwonyesha njia.

Sulle leseni hakuwa nayo, na hakutaka. Alikuwa na hoja yake, aliitoa kwenye pombe mbele ya watu wote.

"Sisi ni wajamaa au si wajamaa?"

"Ni wajamaa!"

"Sauti inapita hewani juu ya shamba langu, imeniomba ruhusa?"

"Haijaomba!"

"Basi nani amlipe mwenzake?"

"Sulle," mzee Joakimu alimjibu, "hewa ni ya wote. Redio ni yako. Kakate leseni, mwanangu, uache kutusumbua."

"Shikamoo mzee, lakini sikati."

Sasa sikilizeni ujanja wake, maana ulimgharimu. Kwetu Wairaqw, nyumba ikipata msiba mzito, hasa wa mtoto mchanga, hujitenga na majirani kwa muda mrefu. Tawi linalazwa njiani kuonyesha hapa hapaingiliki. Mtu haingii, haazimi moto, hagusi mkono wa aliye ndani, na hamwulizi maswali. Sisi tuliobatizwa na wasiobatizwa, tawi lile tuliliheshimu sawasawa.

Asubuhi ambayo Bwana Reginald alitarajiwa, Sulle alikata tawi bichi akalilaza njiani kwake. Hakumwambia mtu neno. Aliona kwamba hajasema uongo, tawi ndilo lililosema.

Mzee Joakimu alipoliona alisimama kama amekanyaga mwiba, akavua kofia.

"Turudi, bwana."

"Lakini naona waya juu ya mti!" akasema Reginald.

"Hata ungeona treni. Turudi."

Wakarudi. Sulle, kajificha nyuma ya zizi, alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni akawasha redio, chini chini, akangoja watu waje.

Hakuja mtu. Hata kesho yake hakuja. Wala wiki iliyofuata. Tawi halikuchagua kati ya mtu wa leseni na jirani. Redio ikaimba, ikahutubia, ikatangaza mpira, na msikilizaji alikuwa Sulle peke yake na kile kigoda. Aliniambia baadaye kwamba siku moja goli lilifungwa, akageuka kumpiga mtu begani kwa furaha, akapiga hewa.

Ndipo Juliana, mke wa balozi, akamwita kutoka ng'ambo ya korongo. Alisimama mbali, kama inavyotakiwa, mikono mdomoni.

"Sulle eee! Pole sana na mtoto!"

"Mtoto gani?"

"Mtoto wako! Wa yule mwanamke!"

"Mwanamke gani, mama Juliana?"

"Usinifanye mjinga, baba! Mke wako yuko Mogitu, na tawi liko njiani. Si umeleta mwingine, na huyo mwingine amefiwa na kichanga? Sisi hatuulizi. Tunakuonea huruma tu! Ila Efrazia alilia sana!"

Sulle akasogea mpaka ukingoni mwa korongo. "Efrazia alilia wapi?"

"Hapo kwenye tawi lako! Jumapili! Alikuwa amepanda lori la ngano mpaka Dongobesh, halafu akatembea. Anakuja kwako, na mzigo wa mbegu za maharage kichwani! Kaliona tawi, kasimama, kasimama sana. Mimi nikamwita, hakugeuka. Akarudi na mbegu zake!"

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ndani! Redio ilikuwa inasikika kidogo kidogo!"

Ndugu zangu, nimewahi kusimulia habari za simba aliyekimbizwa na bata, na watu wakaniamini. Lakini uso wa Sulle siku ile siwezi kuuongezea kitu.

Hakusubiri. Aliruka tawi lake mwenyewe, redio kichwani, waya unaburuzika nyuma kama mkia, akaenda mpaka ofisi ya chama ambako Reginald alikuwa amekaa na mzee Joakimu na wazee wengine. Watu wakatawanyika wasije wakaguswa.

"Hakuna aliyekufa," akasema Sulle. "Hakuna mwanamke. Tawi nililiweka kwa ajili ya hii."

Akaitua redio chini.

Wazee hawakupiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Mzee Joakimu akatazama ardhi, halafu akasema, "Umechezea kitu kisichochezewa. Uliingia mwenyewe, hutatoka mwenyewe. Utakaa nyuma ya tawi lako kama aliyefiwa, mpaka mvua za kwanza, ndipo tutakufungulia."

"Nitakaa, mzee. Lakini naomba niende Mogitu kwanza."

"Nenda. Usiingie nyumba ya mtu, usishike mkono wa mtu."

Bwana Reginald alikuwa amechanganyikiwa, lakini kazi yake aliijua. "Kata leseni sasa hivi, uondoke na redio yako. Sitaki kumtesa mtu."

"Sikati."

"Bado ule ujamaa wako wa hewani?"

"Hapana, bwana. Chukua tu. Nyumba yangu haihitaji leseni tena."

Reginald akambembeleza, amini usiamini, serikali ikimbembeleza raia asinyang'anywe. Sulle alikuwa ameshafika njiani.

Alifika Mogitu kesho yake, jua likiwa upande. Hakuingia uwanjani kwa baba mkwe. Alisimama mwisho wa shamba la mahindi akaita jina la mkewe. Efrazia akatoka, akaona jinsi alivyosimama mbali, naye akabaki upande wake wa shamba. Katikati yao palikuwa na mahindi makavu yaliyovunwa nusu.

"Mkeo mpya hajambo?" akauliza.

"Sina mke mpya. Sina hata wa zamani."

"Usinichekeshe, Sulle, nina hasira."

Akamweleza. Leseni, tawi, Reginald, wazee. Akaeleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi mwanzo, maana hakuwa amezoea kusema zaidi ya sentensi moja. Efrazia akasikiliza, ameshika kiuno.

"Kwa hiyo ulinifungia njia kwa ajili ya sanduku."

"Ndiyo."

"Na sasa sanduku liko wapi?"

"Wamelichukua."

"Si ungelipia tu, mwanaume wewe? Ungekuwa nalo."

"Ningekuwa nalo," alisema Sulle, "na wewe ungekuja ungenikuta nasikiliza."

Efrazia akashusha mikono kiunoni. Upepo wa Hanang ukapita kwenye mabua, na upepo ule, ninyi mnaujua, ulishawahi kuhamisha kanisa zima na padri akiwa anahubiri. Siku ile ulipita taratibu.

"Siwezi kuja sasa," akasema Efrazia. "Wamekufunga mpaka mvua, na mimi sivuki tawi, hata likiwa la uongo. Nenda. Ukifunguliwa nitasikia."

"Na utakuja?"

"Nenda, Sulle. Jua linazama."

Akaanza kwenda, akifuata ukingo wa shamba. Akaona kwamba naye Efrazia anatembea, upande wake, sambamba naye, mahindi katikati.

"Yule mbuzi mweusi," akasema Sulle kwa sauti, "amezaa."

"Amezaa wangapi?"

"Mapacha. Mmoja ana doa kama la mama yake, kwenye sikio. Na ukuta wa nyuma umebomoka kidogo, nimeuziba kwa udongo, umekaa vibaya. Ugali pia siuwezi. Juzi nililala nikaota unaniita nikachote maji, nikaamka nikashika ndoo."

"Endelea," akasema Efrazia.

Shamba la baba yake lilikuwa refu, lakini nalo lina mwisho. Penye mtaro Efrazia alisimama. Mbele yake palianza shamba la watu. Sulle alitembea akigeuka nyuma na kuzidi kupaza sauti, anamweleza habari za kuku, za mto, za kisigino chake kinachouma, na kila alipogeuka alimwona bado amesimama penye mtaro, mdogo zaidi, kiganja nyuma ya sikio. Alipofika mahali ambapo hakuna sauti ya binadamu inayoweza kufika, aliendelea kusema.