Kaunsil Yaja Kuona Shamba la Noah

Wakio alirudi kutoka chuo cha ualimu Ijumaa jioni, na kabla hajatua sanduku alishaipata habari yote. Kaunsil ya Voi inatafuta shamba inunue, itengeneze bustani ya watu kupumzikia, yenye bembea na maua na viti, mtu avae viatu vya Jumapili aende akakae tu. Mashamba waliyokuwa wakiyapima ni mawili. Moja la Mbuvi, ng'ambo ya reli, kavu kama kigae. La pili la baba yake, Noah, pale mtoni, limejaa nyanya.

Noah hakutaka kuuza. Mdogo wake Crispus, waliyerithi naye shamba hilo, alitaka kuuza jana, sio kesho. Na kaunsil haigusi shamba lenye ugomvi.

"Sasa mtafanyaje?" Wakio akamuuliza mama yake, Dinah.

"Kesho wanatasa, mbele ya hao madiwani. Mwenye hasira aitoe. Halafu babako aseme neno lake, yeye ndiye mkubwa, na Crispus akubali."

Wakio alikua akiiona hiyo kutasa. Mtu anapiga funda la maji, anayapuliza chini, anasema kinyongo kitoke nayo. Ukishapuliza, imekwisha. Noah mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuiacha.

Kesho yake Land Rover ya kaunsil ikaja, majirani nyuma yake kama harusi. Diwani Kituku, Mkamba wa pale mjini, akashuka akicheka.

"Nyinyi Wataita nyinyi. Sisi tungekuwa kortini saa hizi, nyinyi mnatemeana maji."

"Maji ni rahisi kuliko wakili, diwani," Noah akamjibu.

Noah akapuliza kwanza. Maji yakatawanyika kwenye mchanga, akasema kama ana ubaya wowote na ndugu yake, utoke. Crispus akapokea kibuyu, akajaza mdomo, akainama. Yakatoka matone tu. Wakio alikuwa karibu, akaona koo lake likipanda na kushuka. Akaziba mdomo na leso asicheke. Baba mdogo ana kiu, jana lazima alilala kilabuni. Alitamani kumnong'oneza mama, lakini Noah alishaanza kusema.

"Shamba haliuzwi. Nendeni kwa Mbuvi."

"Sawa, kaka," Crispus akasema, taratibu kabisa. "Nipe panga niwafyekee wageni njia, miiba imejaa."

Mgeni angesita. Noah alimwona mtu ameshatasa, akampa panga, mpini mbele, akamgeuzia mgongo.

Pigo la kwanza likaingia begani. Noah akageuka, akainua mkono, na la pili likaushukia huo mkono, mfupa ukaonekana mweupe kabla damu haijaufunika. Akaanguka kwenye nyanya.

"Bintiyo amesomeshwa na nyanya zangu," Crispus akawa anasema, na kila neno anashusha panga. "Mimi nimepata nini? Mimi nimepata nini?"

Wakio hakumbuki alilitoa wapi jembe. Alimpiga nalo Crispus kwenye goti, akasikia mfupa ukivunjika. Crispus akalala chini akilia, panga likamtoka, Kituku akalikanyaga.

"Basi," Kituku akasema. "Basi jamani. Leteni kamba, huyu ni wa polisi."

Na ingekuwa hivyo. Lakini Wakio alikuwa na lile jambo lake mdomoni, likatoka.

"Alimeza. Nilimwona mimi, hakupuliza. Aliyameza yale maji."

Watu wakamgeukia Crispus. Kisha mama Tryphena, jirani ambaye hata mbwa hampigi, akaokota jiwe. Mwingine akaokota. Mtu kusema hasira imetoka na kumbe ameiweka tumboni, huyo hakuna aliyetaka kumpa polisi.

"Wakio, mwanangu," Crispus akamwita akijikinga uso, "waambie nilipuliza."

Wakio akawapigia kelele waache. Akavuta mashati, akasukumwa, akakanyagwa vidole. Kituku akapigwa jiwe la mdomo alipojaribu kuingia katikati. Walipochoka, Dinah alimtambua shemeji yake kwa mkanda wa suruali.

Noah alitoka hospitali bila mkono wa kulia. Shamba lilikuwa lake sasa, halina wa kumbishia. Nyanya zikaiva, zikaoza kwenye shina, kwa sababu hakuna kibarua aliyekubali kukanyaga pale.

"Nenda kaunsil," akamwambia Wakio asubuhi moja. "Waambie nimekubali."

Wakio alimkuta Kituku ofisini, na pengo la meno mawili.

"Tulinunua la Mbuvi, dada. Bembea zinachomelewa hapo nyuma." Akamwangalia. "Na hata kama tungekuwa hatujanunua. Nani angepeleka mtoto kucheza pale?"

Noah aliyasikia hayo kwa Wakio, mlangoni pa nyumba yake. Alichukua jembe kwa mkono wa kushoto akateremka mtoni. Pigo la kwanza lilienda upande, likagonga jiwe. Akainua tena.