Taa ya Laini ya Pili

Jumatano, tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka wa elfu mbili na tisa, saa tisa na dakika kumi alasiri, Luseno alifungua geti la zahanati kuupisha mkokoteni. Alilifungua upesi, maana ndiyo kazi aliyoandikiwa, na hata akamkemea msukumaji asije akakwaruza gari la wagonjwa lililoegeshwa pale tangu asubuhi.

"Pole pole wewe, hilo gari lina wenyewe!"

Ndipo akaona mguu umechomoza chini ya leso, na kwenye mguu ndara ya kijani iliyokatika mshipi ikaungwa kwa waya mwekundu wa simu. Waya ule aliufunga yeye kwa mkono wake, Jumapili.

Nyuma ya mkokoteni alikuja Mbithe, jirani wa mlango wa pili, anahema, mkononi ameshika simu ya rununu ya nyumba ya Luseno. "Baba Lorine, amepiga! Amepiga mara saba! Kwani hapa hamshiki simu?"

Mara saba. Na simu ya zahanati ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti cha mlinzi.

Nabiswa, mkewe, alikuwa na pumu. Nyumba yao ilikuwa na simu moja tu, na waliamua ibaki na yeye, kwa sababu Luseno alishamwambia, "Ukibanwa, usinitafute mimi. Piga ile namba ya gari. Inalia palepale nilipo, nitaisikia kabla ya nesi." Saa tisa unusu daktari alimfunika mama huyo uso. Gari la wagonjwa lilikuwa bado getini, dereva wake anasoma gazeti.

Sasa sikilizeni jinsi wakubwa wanavyoua mtu bila kumgusa.

Zahanati ile ilikuwa na laini mbili za simu. Ya kwanza ya ofisi, ya pili ya kuitia gari la wagonjwa, na zilikuwa na simu mbili mezani kwa Kawsar, binti wa mapokezi. Mwezi wa tatu Bwana Kweyu, mwenyekiti wa kamati, alibeba simu moja akasema inapelekwa kutengenezwa. Ilitengenezewa sebuleni kwake, na mpaka leo iko huko. Kawsar alipouliza laini mbili atazishikaje kwa simu moja, Kweyu alimgeukia Luseno, mlinzi na mfagizi, aliyekuwa anapiga deki.

"Luseno, wewe si fundi? Tafuta njia."

Luseno aliishia darasa la nne. Lakini ujanani alichimba mitaro ya nyaya za simu kama kibarua, na wakati wenzake wakipumzika kwenye majembe, yeye alikuwa anachungulia mafundi wanavyounga. Alijua laini moja ni nyaya mbili, basi, hakuna uchawi. Akaenda soko la Gikomba, akaokota vipande vya mbao kwa maseremala, akatafuta kwenye marundo ya vyuma swichi ya kugeuza yenye miguu sita. Miguu miwili ya kati aliipeleka kwa simu, miwili ya juu kwa laini ya ofisi, miwili ya chini kwa laini ya gari. Ukigeuza juu unaongea na laini ya kwanza. Ukigeuza chini, ya pili.

Siku ya kuunga, alikuwa ameshika nyaya kwa vidole vitupu mtu akapiga simu kutoka nje. Umeme wa mlio ukamrusha hadi ukutani.

"Ni nani anapiga, Baba Lorine?" Kawsar akauliza, amejishika mbavu.

"Shetani. Mwambie sipo."

Alijua udhaifu wa kazi yake, na hapo ndipo mnapaswa kumpa haki yake. Swichi ikiachwa juu, mtu wa gari atapiga na simu isilie. Kwa hiyo laini ya pili aliifungia vitu viwili vya kudumu: kengele aliyoing'oa kwenye simu kuukuu ya kuzungusha namba, na taa ndogo nyekundu aliyoitoa kwenye pasi mbovu. Swichi iwe juu, iwe chini, laini ya pili ikiitwa kengele inapiga kelele na taa inamemeta. Sanduku lilikuwa na sura mbaya kama jeneza la kuku, lakini lilifanya kazi. Alipomsimulia Nabiswa, mama huyo aliyeishi kwa kufuma vitambaa na kuviuza mtaani, alicheka akachukua sindano yake.

"Siwezi kuacha kitu cha mume wangu kikae uchi mbele ya watu."

Akafuma kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu, cha kukaa juu ya simu na sanduku, kama kilivyokaa kwenye televisheni, kwenye redio, kwenye viti na kwenye chupa ya chai ya kila nyumba ya mtaa ule. Luseno alikipeleka kwa fahari. Ila kila asubuhi, baada ya kupanguza meza, alikunja pembe moja ya kitambaa ili taa ibaki nje, na kila asubuhi alimkumbusha Kawsar, "Hapa kisishuke, mama. Hili ni jicho."

Mwezi wa sita Kweyu aliisikia kengele akiwa katikati ya mkutano. Akatoka amekunja uso. "Hii ni zahanati ama shule ya msingi? Toa hiyo makelele."

"Mwenyekiti, hiyo ni ya watu wa gari."

"Si kuna taa? Ama taa nayo ni pambo?"

Luseno akaing'oa kengele. Mwenye cheo akisema, mwenye ufagio hujibu kwa mikono.

Ikafika hiyo Jumatano. Wafadhili walikuwa wanakuja, na tangu asubuhi Kweyu alizunguka akinyoosha kila kitu, hadi maua ya plastiki. Saa nane aliegemea meza ya Kawsar, akageuza swichi juu na kuwaelekeza wageni njia kwa simu. Akamaliza. Swichi akaiacha juu. Akamtuma Kawsar jikoni kukata mkate wa wageni, akasema kama anayewaambia wote na asimwambie yeyote, "Na hii meza ikae nadhifu!" Luseno akakimbilia geti kuwapokea. Yaliyofuata nimeshayasema.

Walimzika Nabiswa nyumbani kwao Bungoma. Luseno aliporudi, kamati ilimwita kabla hajavua viatu vya matanga. Ilikuwa asubuhi, watu watatu wamekaa hapo mapokezi: Kweyu, katibu wake, na Mzee Hirad, mwenye duka la vitambaa vya madirisha, ambaye kwa kawaida alisinzia kwenye mikutano. Kawsar alisimama ukutani. Kweyu akasoma karatasi. Ilisema simu ya marehemu haikupokelewa kwa sababu ya chombo cha kienyeji kilichofungwa na mlinzi bila idhini, nacho hakikufanya kazi.

"Tia sahihi hapa, Luseno. Tumalize, na wewe upumzike."

"Bila idhini? Si ni wewe uliniambia nitafute njia?"

"Nilisema njia. Sikusema sanduku."

Watu hawa walikuwa wanamwandikisha kwamba amemuua mkewe, tena kwa kalamu yao. "Sitii," akasema. "Sanduku lijaribiwe. Kama halikuwaka, nitatia sahihi, na kidole pia nitaweka."

"Hatuna muda wa michezo."

"Tunao," akasema Mzee Hirad, na wote wakashangaa kwamba yuko macho. "Huyu amefiwa. Lijaribiwe."

Luseno akageuza swichi juu, kama ilivyokuwa siku ile. Kawsar akapiga namba ya gari kwa rununu yake. Simu ya mezani ilikaa kimya. Lakini ubavuni mwa sanduku taa nyekundu ikamemeta, ikazimika, ikamemeta tena, haina sauti, kama mtu anayepunga mkono ng'ambo ya barabara.

"Basi iliwaka," akasema Hirad.

"Iliwaka mara saba," akasema Luseno, na machozi yake ya kwanza tangu mazishi yakatoka pamoja na kitu kama furaha. Mkono wake ulikuwa safi. Alimtazama Kweyu, na kwa mara ya kwanza Kweyu alitazama chini.

Hirad akamgeukia Kawsar taratibu. "Na wewe, binti yangu, uliporudi kutoka jikoni, mbona hukuiona?"

Kawsar akaziba mdomo kwa shela yake. "Kitambaa kilikuwa kimeshuka, Mzee. Kilifunika mpaka mezani, kimenyooshwa vizuri kabisa. Nilijua tu jioni, nilipokitoa."

Kweyu akadakia. "Kitambaa cha nani?"

"Usiniulize hivyo, Mwenyekiti," akasema Luseno.

"Nauliza tu. Si alikifuma marehemu mwenyewe?"

"Aliyetaka meza nadhifu ni nani?"

"Nilisema meza iwe nadhifu. Sikumtaja mtu, na kitambaa sikukigusa."

"Mimi nilikuwa jikoni, wallahi," akasema Kawsar.

Mzee Hirad akamtazama Luseno kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma kuliko karatasi. "Asubuhi ile, ulipanguza meza hii?"

"Naipanguza kila siku."

"Na ile pembe uliikunja?"

Luseno aliikumbuka ndoo, akakumbuka Kweyu anafoka kuhusu maua, na baadaye honi ya gari la wageni. Vidole vyake vikikunja pembe alivikumbuka asubuhi nyingi zisizo na hesabu. Ya Jumatano ile hakuiona. Akachukua sanduku, akachukua kitambaa, akaiacha karatasi mezani bila sahihi, akatoka. Nyuma yake akasikia Kweyu anamwambia katibu, "Andika amekataa."

Njia nzima hadi nyumbani aliwatukana. Aliyebeba simu kwenda sebuleni kwake. Aliyeng'oa kengele kwa mdomo. Aliyeacha swichi juu. Yote hayo ni kweli na hakuna wa kuyafuta, akajiambia, na bado kila alipofika mwisho wa hesabu hiyo, kitambaa kilikuwa kinamngoja.

Lorine, binti yake wa kidato cha pili, alilipokea sanduku, akamsikiliza baba yake akimsimulia kikao, akaliweka juu ya kabati, akatandaza kitambaa cha mama yake juu yake. Akasita. Akakunja pembe moja, taa ikabaki nje, hivyohivyo baba yake alivyozoea.

"Baba," akauliza, bado amempa mgongo, "kwani siku ile ni nani alikishusha?"